Beseni la Mama Mkwe

Siku ile Mama Maua aliamka na furaha iliyomtia hofu. Maisha yalikuwa yamemzoesha kupata kidogo kidogo, na furaha ilipomjia kwa mkupuo aliitazama kwa jicho la pembeni, kama mgeni ambaye hakumwalika. Lakini leo hakuweza kuifukuza. Jana, walipokuwa wakifunga vifaa, Fundi alikuwa amemwambia kwamba atazungumza na mama yake, na asubuhi hii, kabla hata ya jua kupanda, alikuwa amempigia Mama Maua simu.

"Nimemwambia," Fundi alisema. "Yote. Sikuficha kitu."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza. Halafu akaniuliza kama nimekula."

"Sasa hiyo ndiyo nini?"

"Hiyo ndiyo kukubali. Mama akikasirika hakuulizi kama umekula."

Mama Maua alicheka peke yake chumbani, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja asisikike. Kisha akatoka barazani, akaketi, akaanza kufunga kamba za viatu vyake vya kazi. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyempokea alipoachika na ambaye tangu hapo hakuwahi kumwuliza ataondoka lini, alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akamkagua kuanzia juu mpaka chini.

"Umepaka wanja."

"Nimepaka."

"Unakwenda kuchimba udongo na wanja?"

"Udongo haujalalamika."

Dada alicheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Akaja akaketi karibu naye. "Mdogo wangu, mimi sina ubaya na huyo Fundi. Ni mchapakazi, na ana adabu. Lakini ni mtoto wa pekee, na mama yake ni mjane. Umelipima hilo?"

"Nimemwambia kila kitu, dada. Mwanzo kabisa, kabla hajanishika hata mkono. Nilimwambia kwa nini niliachika na hospitali walisema nini. Hakushtuka."

"Mwanzoni nani anashtuka? Hata yule mume wako alisema watoto ni majaliwa. Alisema hivyo hapa hapa, kwenye baraza hii, mimi nikiwa nimeketi palepale ulipoketi."

Mama Maua alikaza fundo la kiatu. "Huyu si yule," alisema, akaondoka kabla furaha yake haijapoa.

Kazi yao ilikuwa nyuma ya maktaba ya mji, kwenye ua uliokuwa jalala la viti vilivyovunjika. Ukuta wa ua ule ulipigwa na jua mchana kutwa, hata wasomaji walikuwa wakiyafunga madirisha ya upande huo kwa joto. Mkutubi alitaka tu upakwe rangi. Mama Maua, aliyeitwa kuja kutoa maoni kuhusu maua mawili ya langoni, aliutazama ule ukuta kwa muda mrefu, kisha akasema: huu tuuvishe. Akachora. Alichora ukuta mzima umefunikwa na mimea hai, na mimea yenyewe imekaa ndani ya vitu vilivyotupwa: milango ya magari, mapipa ya ndani ya mashine za kufulia, birika zilizotoboka, sinki, matairi yaliyokatwa nusu. Juu kabisa aliweka mishubiri na jamaa zake wanaovumilia kiu. Chini, ambako maji yote yangeteremkia, aliweka mnanaa na makangaga. Chupa za plastiki alizikataa katakata. Jua la pale lingezichemsha, na mizizi ingeiva ndani yake kama viazi.

Fundi alikutana naye kwenye uwanja wa vyuma chakavu, wote wawili wameshika pipa moja la mashine ya kufulia, kila mmoja upande wake.

"Unalitaka la nini?" Fundi aliuliza.

"La kupanda mnanaa."

"Mnanaa. Mimi nilitaka kulifanya jiko."

"Majiko yapo kila mahali, kaka yangu. Hili lina matundu tayari pande zote, maji hayatatuama. Limezaliwa kwa ajili ya mnanaa."

Fundi aliliachia. Baadaye alimwambia kwamba siku ile hakuliachia pipa kwa sababu ya mnanaa. Aliliachia kwa sababu Mama Maua alipokuwa akisema "limezaliwa" alilipapasa kwa kiganja, na yeye akajikuta anatamani angekuwa pipa. Ndivyo alivyoanza, na ndivyo alivyokuja kuwa mchomeleaji wa fremu ya ukuta ule. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye makovu madogo ya cheche mikononi, na alimwita Maua tu, bila lile "Mama" lililobandikwa na watu wa vitalu vya miche.

Asubuhi ile walifanya kazi bila kusema mengi. Hawakuwa na haja. Yeye alijaza udongo kwenye mlango wa gari, pale kioo kinapoingilia, Fundi akiushikilia kwa magoti. Vidole vyao vilikutana ndani ya udongo. Hakuna aliyeondoa vyake.

"Una wanja," Fundi alisema.

"Watu wa nyumbani kwangu wameshanisema. Usiongeze."

"Sikusemi. Naogopa tu nitachomelea mahali si pake."

"Ukichomelea mahali si pake utabomoa mwenyewe."

"Nitabomoa," alisema, huku bado akimtazama. "Kwa ajili yako nitabomoa siku nzima."

Mama Maua aliinamisha kichwa kwenye miche yake. Alihisi joto limempanda mpaka masikioni, na aliona aibu, mtu mzima kama yeye, kwamba neno dogo namna ile laweza kumfanya apande mshubiri kichwa chini. Aliung'oa, akaupanda tena.

Baadaye fito za kuchomelea ziliisha, na Fundi akatoka kwenda kununua nyingine. Hakuwa amefika mbali pale mwanamke mzee alipoingia kwa lango la nyuma, mwembamba, amejitanda mtandio wa rangi ya majivu, amebeba kwapani kitu kipana kilichofungwa kwa kitambaa. Mama Maua hakuhitaji kuambiwa ni nani. Macho yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Karibu. Fundi ametoka sasa hivi, hatakawia."

"Najua. Nilisimama kule ng'ambo mpaka nikamwona anatoka. Nimekuja kwako."

Mama Maua alipindua ndoo, akaifuta kwa aproni yake, akamkaribisha. Mzee aliketi, akaweka mzigo wake mapajani, akautazama ukuta. Aliutazama kwa makini, kitu kimoja kimoja, kama anayetafuta mtu anayemfahamu kwenye picha ya watu wengi.

"Haya yote mmeyaokota?"

"Ndiyo, mama. Yalikuwa yametupwa."

"Mmeyapa kazi." Akatikisa kichwa. "Una mkono, mwanangu. Si kila anayepanda ana mkono. Wewe unao."

"Ahsante, mama."

"Na mwanangu anakupenda. Hilo sina ubishi nalo. Tangu baba yake afariki sikumsikia tena akiimba bafuni. Siku hizi anaimba, na sauti hana."

Mama Maua alicheka kabla hajajizuia, na mzee naye akacheka, na kwa muda mfupi wanawake wale wawili walikuwa wakicheka pamoja juu ya mtu mmoja wanayempenda. Mama Maua aliwaza: yamekwisha, nimepata mama. Kisha mzee akafungua kitambaa.

Lilikuwa beseni la chuma, jeupe, lenye ukingo wa buluu uliobanduka hapa na pale. Lilikuwa safi mno. Lilinukia mafuta.

"Nilikuwa nazaa na kuzika," mzee alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akicheka nayo. "Ilifika mahali watu wakaacha kuja kunipa hongera. Walikuwa wakisubiri, waje kunipa pole. Hili nililinunua kwa ajili ya mtoto wangu wa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyeoga humu akafika kutambaa, mpaka alipokuja huyu. Huyu aliling'ang'ania. Alikuwa ameshaota meno, miguu inatokeza nje, bado analilia beseni lake."

Mama Maua alikuwa amesimama. Hakujua aweke wapi mikono yake yenye udongo.

"Alipokua nikalipaka mafuta lisishike kutu, nikaliweka juu ya kabati. Kila mwezi nalishusha, nalifuta, nalipaka, nalirudisha. Nililiwekea mjukuu."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, mwanangu, nikikatizwa sitaweza kuanza tena. Jana ameniambia habari zako na za hospitali. Sikumjibu. Nimewaza, nikaona kama ni wewe, basi ni wewe. Sitamlaani mwanangu, na nyumbani kwangu hutafungiwa mlango. Lakini hili siwezi tena kulitazama kule juu. Yeye ameniambia nyinyi mnachukua vitu visivyo na kazi. Basi chukua. Lipandie ua zuri."

Akamnyooshea. Mama Maua alilipokea kwa mikono miwili, maana hakuna namna nyingine ya kupokea kitu kutoka kwa mzee. Laiti mzee angelia, Mama Maua angejua la kufanya. Laiti angemtukana, angejua zaidi, kwa maana alishatukanwa na mama mkwe mwingine na akayamudu. Mzee huyu alimtazama kwa huruma tu.

"Mama, kuna watoto wasio na wazazi," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Tungeweza kumlea mmoja. Tulishaliongelea."

"Nimelifikiria hilo pia. Na pengine ningempenda, Mungu ndiye ajuaye. Ila kwa umri huu sitaki kukudanganya. Ningekuwa namtafuta usoni. Nilizika mmoja aliyekuwa ameshaanza kucheka. Alikuwa na kidevu cha baba yake. Nimekaa miaka yote nikisema kidevu kile kitarudi kwa mwingine." Akasimama, akajikung'uta. "Si kosa lako. Wala si kosa langu. Usimwambie nimekuja na maneno. Mwambie nimeleta beseni."

Akatoka kwa lango aliloingilia, polepole, akiaga kwa mkono.

Fundi alirudi akiwa na fito zake begani. Aliliona beseni kabla hajamwona mwanamke.

"Hili limefikaje hapa?"

"Mama yako ameleta. La kupandia."

"Mama? Ameleta mwenyewe?" Uso wake wote ulifunguka. Aliweka fito chini, akalichukua beseni, akaligeuza, akacheka. "Unaona sasa? Si nilikwambia? Hili halijawahi kuguswa na mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nachapwa nikilisogelea. Na leo amelileta kwako. Maua, amekubali. Huyu amekubali moja kwa moja."

Mama Maua alimtazama akifurahi. Kama angeweza kulisimamisha jua, angelisimamisha hapo. Angeweza kunyamaza. Mzee mwenyewe alimwomba anyamaze. Lakini alihitaji kujua jambo moja, na njia ya kulijua ilikuwa mikononi mwa Fundi.

"Basi litoboe," alisema. "Nalitaka pale katikati, lipate kivuli cha sinki. Lipande ukutani leo."

"Leo leo?"

"Leo."

Fundi alichukua drili. Alilipindua beseni juu ya meza, na Mama Maua akamwekea alama kwa chaki, sehemu chache kuzunguka kitako. Fundi akavaa miwani, akaweka ncha ya drili kwenye alama ya kwanza, akawasha. Drili ikalia hewani. Hakuigandamiza. Akazima.

"Hapa kuna mbonyeo," alisema, akipapasa ukingo. "Niligonga na kijiko. Mama husema nilikuwa napiga ngoma."

"Toboa, Fundi."

"Natoboa." Akawasha tena, akazima tena. "Lazima lipate matundu?"

"Maji yatatuama, mizizi itaoza. Umeshanitobolea vyombo ukuta mzima, leo unaniuliza?"

"Nauliza tu. Maana likishatobolewa halitafaa tena."

"Halitafaa kwa kazi gani?"

 Fundi alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati, na ilikuwa safi.

"Kwa kazi gani, Fundi?"

"Kuogea."

"Nani ataoga humo?"

Ndani ya maktaba mtu alisogeza kiti. Fundi aliinua macho, akayashusha upesi, na katika ule upesi Mama Maua aliona jibu lote.

"Ni beseni tu, Maua. Nipe mpaka kesho."

"Kama ni beseni tu, toboa sasa. Kesho litakuwa nini?"

"Sijui. Nahitaji kulizoea."

"Kulizoea beseni, au kunizoea mimi?" Alikaribia meza, akaweka viganja vyake viwili juu ya kile kitako cheupe. "Nikuulize, na unijibu kama unavyomjibu Mungu. Siku nilipokuambia sizai, ulisikia nini?"

Fundi aliisogeza drili pembeni. "Nilisikia ulichosema."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia..." Akapangusa uso wote kwa mkono, akajiachia alama ya masizi shavuni. "Nilifikiri hospitali nao hukosea. Watu huambiwa hivyo, halafu baadaye Mungu anafungua. Nimeshayaona. Nilifikiri wewe na yule mwenzako hamkuendana, basi, na mimi na wewe..."

"Kumbe ulikuwa unangoja."

"Nilikuwa natumaini. Ni vibaya?"

"Kutumaini nini? Walinitoa kizazi, Fundi. Nilikuambia kwa mdomo wangu huu. Nilihangaika mpaka nikaugua kabla sijaweza kulitamka. Ukanishika mkono, ukasema 'mimi nakutaka wewe.' Nikaenda nyumbani nikalala usingizi ambao sijawahi kuulala."

"Na nakutaka."

"Najua unanitaka. Mimi na huyo mtoto unayemngoja."

 Fundi hakuwa mwongo. Laiti angekuwa mwongo, hapo ndipo angesema la kumwokoa, na Mama Maua angelikubali, kwa sababu alilitaka hata likiwa bovu. Fundi alimtazama tu, macho yamejaa maji.

"Lifunge kwenye kitambaa chake," Mama Maua alisema. "Mrudishie mama yako."

"Unanifukuza?"

"Nakupa ruhusa."

"Sijaomba ruhusa."

"Basi usiichukue."

Alilisema hilo taratibu, akamgeuzia mgongo, akashika koleo. Alitia udongo kwenye birika, akatia tena, ukamwagika pembeni, akaendelea kutia. Masikio yake yote yalikuwa nyuma. Alikuwa akingoja drili ilie. Angesikia chuma kikikwaruzwa angeangusha koleo, angegeuka, yangekuwa yameisha. Badala yake alisikia kitambaa kikikung'utwa. Alisikia kikikunjwa huku na huku, bila haraka. Fundi alipiga fundo, kisha akapiga fundo la pili ili lisifunguke njiani.

"Maua," alisema.

"Nenda."

Akaenda.

Dada yake alikuja alasiri, maana Mama Maua hakupokea simu, na alimkuta amekaa chini kati ya matairi, wanja umemteremka mpaka mashavuni. Hakumwambia "nilikuambia." Alivua viatu vyake vya mjini, akachukua koleo jingine.

"Huu unakwenda wapi?" aliuliza, ameshika mche wa mnanaa.

"Chini."

"Na huu?"

"Dada, huo ni gugu. Nimeung'oa."

Dada akautupa. Wakafanya kazi mpaka ua ukaingia kivuli, na katika muda wote huo Mama Maua aliuliza swali moja tu.

"Hivi atakuja kunifuata?"

Dada aliutilia mche udongo, akaushindilia kwa vidole. Alikuwa amejiapiza siku nyingi kwamba hatamdanganya mdogo wake kamwe. "Sidhani," alisema.

Lakini alikuja. Kesho yake Mama Maua alipoingia kwa lango la ua alimkuta Fundi amekwisha fika, mashine yake ameichomeka, nguo zake zimepigwa pasi. Moyo ulimruka mpaka akashika nguzo. Aliuangalia uso wake na kuona hakulala, na kwa pumzi chache aliamini. Kisha Fundi akavua kofia, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, kama anavyofanya akiwa mbele ya mkutubi.

"Habari za asubuhi, dada."

Mama Maua alikuwa ameshawahi kuachwa kwa talaka, kwa matusi na kwa mlango kufungwa. Hakujua kwamba mtu anaweza kuachwa kwa salamu.

"Nzuri," alisema. "Za kwako?"

"Nzuri. Nimeona nisikuachie kazi njiani. Ufunguzi umekaribia, na ile safu ya juu haijafungwa. Nikimaliza hiyo nitaondoka." Akaigeuza kofia mikononi. "Mama anakusalimu sana. Amesema wewe ni mtu mwema."

"Mwambie nimezipokea."

"Nitamwambia."

Walisimama. Kati yao palikuwa na meza, nayo haikuwa na kitu juu yake. Fundi aliinua fito, akatazama ukuta.

"Nianzie wapi, dada?"

Mama Maua alipanda ngazi hatua chache, akamwonyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na pale kwenye kona panapocheza. Alieleza vizuri. Alimkumbusha kwamba udongo ukilowa unakuwa mzito mara mbili, asiamini wepesi wa sasa. Fundi aliitikia kwa kila neno. Kisha akavuta miwani usoni, akainama, na cheche zikaanza kuruka, na Mama Maua aligeuza uso wake pembeni akaufunika kwa mkono, kama ambavyo mtu yeyote hugeuza uso mbele ya cheche, na hapakuwa na mtu pale uani wa kujua tofauti ya cheche na machozi.